Cheche Isiyoujua Mlima

Pikipiki nyingi za kabureta zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki huwashwa na kiboksi cheusi cha CDI, na kiboksi hicho kinajua jambo moja tu kuhusu injini: inazunguka kwa kasi gani. Hakijui kama dereva amevuta mafuta mpaka mwisho akipanda mlima na magunia mawili ya viazi, au ameyaachia akiteleza kwenye lami tambarare. Hakijui kama pikipiki iko Tanga, ufukweni, au Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika, cheche hutoka krenki ikiwa katika pembe ileile popote ilipo. Siku hizi vipo viboksi ambavyo fundi anaweza kuvipangia pembe mwenyewe kwa kompyuta, na mazungumzo juu yake huishia karibu kila mara kwenye swali la digrii ngapi ziongezwe ili chombo kikimbie. Naona swali hilo limeanza vibaya. Uwashaji wa pikipiki ndogo umepungukiwa taarifa ya pili, nayo ni silinda imeshiba mchanganyiko kiasi gani. Fundi anayepanga ramani mpya ya cheche bila kuongeza taarifa hiyo analihamisha kosa kutoka sehemu moja ya barabara kulipeleka nyingine.

Cheche hutangulia kwa sababu moto una mwendo wake. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote kwa mpigo mmoja. Mwali huanzia kwenye plagi na kutembea hadi ukutani mwa silinda, na safari hiyo huchukua muda. Injini ikiwa na mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 10, yaani digrii moja hupita kwa takribani mikrosekunde 28. Moto ukihitaji milisekunde moja na nusu, krenki itakuwa imetembea digrii 54 kabla haujamaliza kazi. Vipimo vya maabara vya miongo mingi vinakubaliana kwamba nguvu hupatikana kwa wingi pale mgandamizo wa juu kabisa unapofika kati ya digrii 12 na 16 hivi baada ya pistoni kupita kilele chake. Mwendesha baiskeli anaijua sababu: pedali ikiwa wima juu kabisa, kandamiza utakavyo, haizunguki, lazima iwe imepita kidogo ndipo uzito wa mguu ugeuke kuwa mwendo. Cheche ikiwahi mno, gesi iliyowaka huikandamiza pistoni ambayo bado inapanda, na joto lake huishia kwenye kuta za silinda. Ikichelewa mno, moto huendelea kuwaka huku pistoni ikishuka, na sehemu ya petroli iliyolipiwa kituoni hutokea ekzosi ikiwa joto tupu.

Pembe inayotafutwa, basi, ni ile ndogo kuliko zote inayotoa nguvu kamili. Lazima iwe ndogo, kwa kuwa mchoro wa nguvu dhidi ya pembe una kilele bapa. Ukichelewesha digrii tano kutoka pale panapofaa, unapoteza kama asilimia moja au mbili tu za nguvu; ukichelewesha kumi, hasara inakua kwa haraka zaidi. Juu ya ubapa huo dereva hasikii tofauti yoyote, lakini kila digrii inayowahishwa inapandisha mgandamizo na joto ndani ya silinda. Anayeongeza digrii mpaka injini isikike kali anaweza kuwa ameipita pembe sahihi zamani, akawa analipia joto asilolipata kama nguvu. Ubapa huu pia unaeleza kwa nini kiboksi cha kiwandani kinavumilika licha ya upofu wake: hakiko mbali sana na ukweli katika hali ile moja kiliyopangiwa.

Kasi ya injini nayo haidai pembe kwa uwiano rahisi. Mwali ungekuwa na mwendo usiobadilika, injini inayozunguka mara mbili ingehitaji pembe mara mbili. Haiko hivyo, kwa sababu kadiri kasi inavyopanda hewa huingia silindani kwa msukosuko mkubwa, na msukosuko unaukunja mwali, unaupanua uso wake na kuufanya usambae upesi. Sehemu inayobaki nzito ni ya mwanzo, pale kiini kidogo cha moto kati ya ncha za plagi kinapojikusanya kabla ya kuanza kutembea. Muda wake haupungui sana. Ndiyo maana pikipiki ndogo nyingi huwa na digrii 10 hadi 15 kabla ya kilele injini ikinguruma taratibu, hupanda hadi 25 au 35 kufikia mizunguko 4,000 hivi, kisha mstari hulala. Hilo CDI ya kawaida inalifanya vizuri.

Ushibaji wa silinda ni habari nyingine. Dereva anapofungua kabureta robo tu, kinachoingia ni mchanganyiko mwembamba kwa uzito, uliochanganyika na mabaki mengi ya moshi wa mzunguko uliopita. Chembe ziko mbali zaidi, mabaki yanapoza, mwali unatembea polepole. Silinda hiyo inahitaji cheche iwahi zaidi kuliko silinda iliyoshiba, hata kama kasi ya injini ni ileile. Jambo hili halikugunduliwa na kompyuta. Pikipiki za mwanzo wa karne ya 20, zilizotumia magneto kama ile ya volti kubwa iliyobuniwa na Gottlob Honold katika kampuni ya Bosch mwaka 1902, zilikuwa na kiwiko kwenye usukani cha kuwahisha na kuchelewesha cheche. Dereva ndiye aliyekuwa sensa, akisikiliza injini na kurekebisha kwa kidole. Magari yakaja na vizito vinavyotanuka kwa kasi ndani ya kisambaza moto, na pembeni yake dayaframu iliyounganishwa kwa mpira mwembamba na upande wa hewa wa kabureta. Injini ikivuta hewa kwa shida kwa sababu mafuta yameachiwa, dayaframu ilivutwa na kuongeza digrii 10 hadi 20 za krenki. Fundi yeyote aliyewahi kushughulikia gari la platini, swichi ya cheche iliyotangulia CDI, ameuona mpira huo. Pikipiki ndogo zilipohama kutoka platini kwenda CDI, mfumo ambao Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza kuuzwa nao, zilipata cheche kali isiyohitaji platini kusuguliwa na kurekebishwa kila mara. Taarifa ya ushibaji hazikuipata.

Mlima na mafuta yaliyoachiwa ni swali moja. Mtu akifungua kabureta mpaka mwisho Njombe au Eldoret, mgandamizo wa hewa inayoingia ni kama asilimia 78 ya ule wa Tanga au Mombasa. Kwa silinda, kuvuta mafuta yote kule juu ni sawa na kuyavuta nusunusu pwani: mchanganyiko ni mchache, mwali ni mzito, cheche inatakiwa iwahi. Tukichukua tabia ya dayaframu za magari kama kipimo, tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya pwani na mita 2,000 inadai nyongeza ya digrii nne hadi sita hivi. Wakati huohuo hatari ya injini kugonga inapungua, kwa kuwa silinda isiyoshiba haifikii mgandamizo wa kutisha. Yaani nyanda za juu ndiko pembe inakotakiwa kuongezwa, na ndiko inakoweza kuongezwa kwa usalama. Mkondo mmoja wa CDI hauwezi kuwa sahihi Njombe na Tanga kwa pamoja. Ni lazima mmoja wa madereva hao wawili abebe kosa, na kwa kuwa kiwanda kinaogopa kuua injini, anayelibeba ni wa mlimani.

Kupanga ramani yenyewe ni kazi ya kujaza jedwali. Safu za wima ni kasi, tuseme kila mizunguko 1,000; safu za mlalo ni ushibaji, unaosomwa na sensa ya kabureta au ya mgandamizo. Kila kisanduku kinabeba pembe, na kati ya visanduku kompyuta inakadiria: kama kwenye 3,000 umeandika 24 na kwenye 4,000 umeandika 28, kwenye 3,500 itatoa 26. Viboksi vya Ignitech kutoka Jamhuri ya Cheki na Zeeltronic kutoka Slovenia hufanya kazi kwa namna hii, na mradi wa Speeduino ulianza kwenye kibao cha Arduino ambacho mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kukimudu. Lakini nambari iliyoandikwa kwenye kisanduku si lazima iwe pembe inayotoka. Kwenye magneti ya pikipiki ndogo kuna nundu moja inayopita mbele ya sensa mara moja kwa kila mzunguko. Ukiandika digrii 38 wakati ukingo wa nundu uko digrii 33 kabla ya kilele, nundu itafika kwa kuchelewa. Kompyuta haina budi kukisia kutoka mzunguko uliopita, ikisubiri zaidi ya digrii 350. Krenki ikibadilisha kasi kwa asilimia moja tu katika kusubiri huko, cheche inakosea kwa digrii tatu na nusu. Na injini ya silinda moja haizunguki sawasawa: mzunguko wa kusukumwa ni mwepesi, ule unaoishia kwenye kubana mchanganyiko ni mzito. Kwa hiyo kabla ya kuamini jedwali, funguliwe kidirisha cha kava ya magneti na taa ya taimingi imulikwe kwenye alama za T (kilele) na F (cheche), kuona cheche inatoka wapi kweli na inayumba kiasi gani. Anayeruka hatua hii anafanyia kazi jedwali, injini haiguswi.

Pingamizi la kwanza, na lenye heshima, ni kwamba wahandisi wa kiwandani wanajua kuliko fundi wa barabarani. Wanajua. Ushahidi ni kwamba wenyewe wameikubali hoja hii pale walipoweza. Bajaj ya India iliweka katika baadhi ya pikipiki zake za kabureta mfumo iliouita TRICS: kiswichi kinachoamshwa na sumaku mafuta yanapovutwa kupita kiasi fulani, kikiiambia CDI ibadili mkondo. Ni safu mbili tu za ushibaji, lakini ni mbili badala ya moja. India ilipoleta kanuni za moshi za BS VI mwezi Aprili 2020, pikipiki zikahamia kwa wingi kwenye mafuta ya kupuliziwa, na pamoja na sindano zikaja sensa za valvu ya hewa na za mgandamizo ambazo kompyuta huzitumia kupanga cheche pia. Pikipiki ya kabureta inayouzwa kwetu inabaki na mkondo mmoja kwa sababu ya bei, na mkondo mmoja unapaswa kupangwa kwa hali mbaya kuliko zote: pwani, joto, mzigo mzito, petroli ya kutiliwa shaka. Kuuheshimu uamuzi huo hakumlazimishi dereva wa Mbeya aamini kwamba ulifanywa kwa ajili yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kugonga. Mwali ukiwa safarini, mchanganyiko uliobaki pembeni hubanwa na kupashwa joto. Ukizidiwa unajiwasha wenyewe kwa mpigo, na wimbi la mgandamizo linapiga kuta za silinda. Harry Ricardo wa Uingereza alilichunguza tatizo hili karne moja iliyopita, na mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani akapata dawa yake mbaya, risasi ndani ya petroli, ambayo iliwadhuru watoto wa dunia nzima mpaka nchi za kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia 2006 na Algeria, ya mwisho, mwaka 2021. Tangu hapo uvumilivu wa petroli ni ule pampu inaoutoa, na anayewahisha cheche anautumia uvumilivu huo. Wengi hujitetea kwamba injini ikigonga wataisikia. Kwenye gari labda. Mlio wa kugonga hutegemea kipenyo cha silinda, na kwa kipenyo cha milimita 56, cha kawaida kwa pikipiki za karibu cc 150, hesabu ya mwendo wa sauti ndani ya gesi moto inatoa mtetemo wa karibu hezi 10,000. Ndani ya helmeti, upepo ukivuma na injini ya kupozwa kwa hewa ikinguruma kati ya magoti, sikio halina nafasi ya kuukamata. Kinachoongea ni plagi: nukta ndogo nyeusi, au nukta za kung'aa za aluminiamu, zilizotapakaa kwenye kauri nyeupe. Nukta za kung'aa zimetoka kwenye pistoni.

Hatari hii naikubali yote, nayo inaunga mkono hoja badala ya kuipinga. Injini hugonga silinda ikiwa imeshiba, hasa kasi ikiwa ndogo na mafuta yakiwa yamevutwa yote, na kila nyongeza inayofanywa kwa kasi peke yake inaingia pia kwenye eneo hilo. CDI za "mashindano" zinazouzwa kwa kusogeza mkondo mzima juu na kuondoa kizuizi cha kasi ndizo zinazotoboa pistoni, kwa sababu haziwezi kumpa dereva digrii 36 akiteleza bila kumpa pembe hiyohiyo akipanda. Ramani yenye safu za ushibaji inaweza. Inaweza hata kupunguza digrii mbili kwenye eneo la hatari, pale kiwanda kilipobahatisha, na kuziongeza kumi kwenye mwendo mwepesi.

Faida yake isikuzwe. Pwani, mafuta yakivutwa yote, ramani iliyopangwa vizuri haitaongeza kitu cha kusimuliwa. Kiwanda kilishafika kwenye ubapa. Faida iko kwenye mwendo mwepesi na nyanda za juu, na ni ya asilimia chache za petroli. Kwa dereva mmoja mmoja, kununua kiboksi kutoka Ulaya na kulipia kazi ya fundi hakulipi haraka, na nisingemshauri mtu akope kwa ajili hiyo. Petroli, hata hivyo, ni gharama ya kila siku, na kiswichi cha sumaku kwenye kabureta ni kitu cha bei ndogo. Wanaoagiza na kuunganisha pikipiki katika ukanda huu wangeweza kukidai kwa mamia ya maelfu. Upande wa moshi una deni la kweli: kuwahisha cheche kunapandisha joto la mwako na kuongeza oksidi za naitrojeni, hata pale mafuta yanapopungua. Kwa Nairobi au Kampala penye msongamano hilo lina haki ya kuamua, na jedwali la mjini linaweza kubaki limechelewa kidogo. Kuhusu pikipiki za umeme, kama zile za kampuni ya Ampersand zilizoanzia Kigali, ni kweli hazina cheche kabisa, na huenda zikatawala. Lakini za petroli zilizopo zitaendelea kupanda milima hiyo kwa miaka mingi.

Anayeifanya kazi hii aanze na kabureta. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kiasi cha kuufanya mchanganyiko uwe mzito wa petroli kwa karibu asilimia 10, na mchanganyiko mzito mno huungua taratibu; kuwahisha cheche ili kuficha jeti kubwa mno ni kuponya dalili. Jeti ikishakaa sawa, aanze na pembe za kiwandani katika safu zote, apime gia ileile, mlima uleule, injini ikiwa na joto lilelile, aongeze digrii mbili, asimame pale muda unapoacha kupungua, kisha arudi nyuma digrii moja au mbili. Kisanduku kwa kisanduku, akiangalia kauri ya plagi kila mara.

Inabaki kuchagua sensa. Sensa ya kabureta inasoma mkono wa dereva: inajua amevuta mafuta kiasi gani, haijui yuko mita ngapi juu ya bahari, na ramani iliyopangwa Njombe kwa sensa hiyo itakuwa imewahi mno pikipiki ikishushwa Dar es Salaam. Sensa ya mgandamizo iliyofungwa kwenye bomba la kuingiza hewa inajua yote mawili, ila kwenye silinda moja bomba hilo hupumua kwa vishindo. Usomaji lazima uchukuliwe mahali pamoja katika mzunguko, la sivyo namba inarukaruka na cheche nayo. Kwa fundi wa kawaida njia iliyo imara ni kuunganisha sensa ya kabureta na sensa ndogo ya mgandamizo wa hewa ya nje iliyoachwa wazi ndani ya kiboksi, isomwe mara moja kabla krenki haijazunguka, na kuchelewesha safu zote kwa digrii chache kadiri pikipiki inavyokaribia bahari.